Chapeo Yenye Korongo

Mwanamume akishaivaa chapeo yake ya kufunika kichwa chote, hata mama aliyemzaa hamjui. Mbele kuna ufa mwembamba wa kuonea, chini yake vitundu vya kupumulia, basi. Kilichobaki ni chuma kitupu kutoka utosini hadi mabegani. Ndiyo maana mabwana wetu wa Franken, huku Ujerumani, huweka vishungi juu yake: huyu pembe za fahali, yule kichwa cha mbweha, mwingine samaki aliyesimama kwa mkia, vyote vya ngozi na kitambaa kilichogandishwa kwa gundi na kupakwa rangi au kushonewa manyoya. Ukitaka kumjua mtu, mtazame kishungi.

Wiprecht wa Ramstal alikuwa na korongo mweupe. Nami niseme mapema ili tusipotezeane muda: sikumpenda kijana yule tangu alipokuwa mtoto akiwarushia bata wangu mawe. Lakini chuki yangu ya mwaka ule haikuwa ya bata. Alikuja kumposa Apollonia, binti wa marehemu kaka yangu, na Apollonia akamkataa mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya watu waliokuwa mezani. Kijana akaondoka na uso umemshuka. Haukupita muda, akaanza kusema kwenye vilabu vya bia kwamba usiku wa sikukuu ya Mtakatifu Martin, watu wakila bata bukini majumbani kwao, yeye alikuwa kitandani kwa Apollonia, kwenye nyumba ya kinu cha kusagia nafaka kwa nguvu ya maji, aliyoachiwa na mama yake.

Maneno kama hayo hayahitaji farasi. Kufikia Kwaresima, nyumba zote tulizozoea kualikwa zilikuwa zimetusahau. Kaka yake Apollonia, Eberlin, ambaye ndiye mkuu wa nyumba yetu tangu baba yao afe, badala ya kwenda kumzaba Wiprecht kofi, alikwenda kumtafutia dada yake nafasi kwa watawa wa Himmelsau. "Mwenye jina baya hana pa kukaa ila kwa Mungu," alisema, kana kwamba Mungu ni jalala.

Dawa ilikuwa moja tu. Kwetu, siku moja kabla ya mchuano wa marungu, chapeo zote za washindani hupangwa kwenye baraza ya monasteri, na wanawake wa nyumba za mabwana hupita kuzitazama. Mwanamke akiigusa chapeo, amemshtaki mwenye nayo kuwa amewavunjia wanawake heshima. Wakiigusa wanawake watatu wa koo mbalimbali, hukumu imepita: kesho yake uwanjani wenzake wanamwangukia kwa marungu mpaka awaombe wanawake msamaha, halafu anakalishwa juu ya uzio siku nzima, na aliyoyasema yanahesabiwa uongo. Apollonia aliijua sheria hiyo, nami niliijua. Wiprecht naye aliijua vizuri, lakini alikuwa ametulia tuli, nasi hatukuelewa kwa nini.

Asubuhi ya kutazama chapeo tulikuwa tukila katika nyumba ya wageni pale Kreuzwang, mkabala na lango la monasteri. Nje, gari la ng'ombe lilikuwa tayari limesimama, sanduku la Apollonia limefungwa kamba juu yake.

"Shangazi," Eberlin akasema, mdomo umejaa mkate na mafuta ya nguruwe, "leo utavitazama vishungi, utavisifu, utarudi. Mikono yako ikae ndani ya shali."

"Mikono hii ilikuosha matako ulipokuwa huwezi hata kusimama," nikamwambia. "Usiipangie kazi."

Apollonia akacheka kwa pua. Hakuwa amecheka tangu Krismasi.

"Sifanyi mzaha. Ukiigusa ya Wiprecht, usirudi nyumbani kwangu. Ukoo wa Ramstal ni mkubwa kuliko sisi. Nakuapia kwa kaburi la baba."

"Baba yako angekuwa hai, yule kijana angekuwa anakula uji tu, kwa kukosa meno. Meza mkate wako, utakupalia."

"Kaka," Apollonia akasema, "hujaniuliza hata siku moja."

"Nikuulize nini?"

"Kama ni kweli."

Eberlin akaupaka mkate wake mafuta mengine. "Ukweli hauna kazi hapa," akasema. "Tunaangalia jina. Wakimaliza kutazama chapeo, gari linaondoka, nawe umo ndani yake."

Apollonia nimemlea mimi, na sikupata kumwona mdogo kama asubuhi ile.

Langoni pa monasteri alisimama Bwana Veit, msimamizi wa mchuano, ufito mweupe mkononi. Veit si mtu mbaya. Ni mtu wa kanuni, na mtu wa kanuni ni sawa na mlango: anategemea nani ameshika funguo.

"Bibi Ottilie, karibu sana," akaniambia. Kisha akauteremsha ufito mbele ya Apollonia. "Binti, unisamehe. Wanaoingia ni wanawake wenye jina jema tu."

"Nani kasema jina lake si jema?" nikauliza.

"Watu, Bibi."

"Watu gani? Wana majina?"

"Bibi yangu, usiniponze. Bwana Wiprecht alikuja jana kunikumbusha kanuni, na kanuni ndivyo inavyosema."

Hapo ndipo nilipoelewa ule utulivu wake. Kijana alikuwa amemchafua binti, kisha akautumia uchafu huohuo kumfungia mlango. Palikuwa na mahali pamoja tu duniani ambapo Apollonia angeweza kuyashtaki maneno yale, na maneno yaleyale ndiyo yaliyomzuia asiingie. Damu ilinipanda hadi masikioni. Ningekuwa na meno ya kutosha ningemng'ata Veit.

Apollonia alinishika kiwiko. Uso wake ulikuwa mweupe kama unga, lakini sauti yake haikutetemeka. "Ingia, Shangazi. Mimi nitasimama papa hapa."

"Na kaka yako akija kukuondoa?"

"Aje na wale ng'ombe wake. Peke yake haniwezi."

Nikaingia.

Chapeo zilikuwa zimepangwa kwenye mbao ndefu ukutani, na baraza nzima ilinuka siki na nyuzi za kitani zilizoshindiliwa ndani yake. Zote zilitutazama kwa zile nyufa zao. Mabibi walikuwa wakipita polepole, wakinong'ona, wakicheka nyuma ya mikono. Bibi Gundula wa Eschau, mjane mnene mwenye moyo mzuri na mdomo usiopumzika, alikuwa akila matunda makavu ya peasi kutoka mfukoni.

Mbele ya korongo alisimama Bibi Hadwig, mama yake Wiprecht. Tulikua pamoja, mimi na Hadwig. Tuliiba matunda ya cheri pamoja na tukachapwa pamoja. Manyoya ya korongo yule aliyashona yeye mwenyewe, moja moja, majira yote ya baridi. Tangu maneno yaanze hatukuwa tumesalimiana, na siku ile pia hakuniinulia macho.

"Bibi Ottilie!" Sauti ilitoka nyuma yangu. Wiprecht alikuwa na wenzake, amevaa vizuri, amechana nywele. "Macho bado yanaona? Usije ukagusa ya mwenzangu ukamponza bure."

"Naona vizuri. Hata bata wangu wangekutambua."

Wenzake wakacheka, naye akacheka nao. "Na binti yetu yuko wapi?" akauliza. "Mbona simwoni ndani?"

Binti yetu! Nilikuwa nimepanga kuigusa kistaarabu, kwa vidole viwili, kama wafanyavyo mabibi wa nyumba kubwa. Nikaipiga kofi. Chuma kikalia baraza nzima, korongo akayumba, unyoya mmoja ukaanguka juu ya kiatu cha Hadwig.

Eberlin, ambaye alikuwa amesimama karibu na mlango, akafumba macho. Veit akaja mbio na ufito wake.

Aliyebaki vilevile ni Wiprecht. "Sawa," akasema. "Mkono mmoja. Lakini shtaka lazima litoke kinywani mwa aliyekosewa, mbele ya chapeo. Ndiyo kanuni, Bwana Veit, au nimekosea?"

"Ndiyo," Veit akasema, kwa shida.

"Basi aje aseme." Akaugeukia mlango, akafungua mikono, akangoja. "Ah! Nimesahau. Haruhusiwi kuingia. Pole sana, Bibi."

Wenzake wakacheka tena. Nikakaa kwenye benchi la watawa. Sitaficha: machozi yalinifika karibu, ya hasira, yale yanayochoma. Eberlin akanijia akaninong'oneza, "Umeridhika? Twende." Nikamsukuma kwa fimbo yangu ya kutembelea.

Nikiwa pale, nikamkumbuka mjomba wangu. Mjomba wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akivizia misafara ya wafanyabiashara njiani, na nilipokuwa msichana niliona chapeo yake ikiguswa na mabibi wa mjini. Nilikumbuka mvua. Nilikumbuka chapeo iko nje, juu ya jiwe, inanyeshewa, na watu wote wamelowa wakiisikiliza kesi.

"Veit!" nikapiga kelele. "Chapeo iliyoguswa hukaa na zile safi?"

Veit akapepesa macho. "Hapana, Bibi. Hutolewa nje ya lango mpaka shauri liishe."

"Itoe, basi."

"Hiyo ni desturi ya zamani tu," Wiprecht akasema haraka. "Siku hizi hakuna anayeifuata."

"Na ile ya kumzuia mtoto wa watu mlangoni ni ya nini? Imeandikwa kwenye Injili?"

Gundula akacheka hadi peasi likamtoka. Lakini walioniokoa ni wanaume wenyewe. Bwana mmoja mwenye kishungi cha mbweha, ambaye chapeo yake ilikuwa imekaa bega kwa bega na ya korongo, akaivuta yake pembeni. "Itoeni," akasema. "Isije ikaitia yangu nuksi, kesho naingia uwanjani." Jirani wa upande wa pili naye akadaka: "Itoeni, itoeni!" Hakuna watu wanaoogopa nuksi kama wanaume wanaojifungia vichwa ndani ya chuma. Muda si muda baraza yote ilikuwa ikidai chapeo ile itoke, na wengi wao hata hawakumfikiria Apollonia.

Veit akaibeba mwenyewe, kwa mikono miwili, kama mtu anayebeba mtoto asiye wake. Tukamfuata. Ule uso wa Wiprecht, kwa mara ya kwanza siku ile, haukuwa na tabasamu.

Apollonia alikuwa palepale alipoahidi kusimama. Veit akaiweka chapeo juu ya jiwe la kupandia farasi, mbele yake kabisa, na mji wote ukajisogeza kutazama: waokaji mikate, wanawake wenye vikapu vya kabichi, walevi wa asubuhi. Wiprecht alitaka yasemwe baina ya kuta nne au yasisemwe kabisa. Sasa yangesemwa sokoni.

"Sema, binti," Veit akamwambia.

Apollonia aliitazama chapeo, kisha akamtazama mwenyewe. "Wiprecht wa Ramstal amesema kwamba usiku wa Mtakatifu Martin alilala nami kinuni kwangu. Ni uongo. Alinitaka, nikamkataa, akaenda kuniita malaya. Neno hilo nimelitamka mwenyewe ili asibaki mtu wa kulinong'ona nyuma yangu. Lile pale ni gari la kunipeleka nikazikwe nikiwa hai, na yule pale ni kaka yangu aliyeliita. Naomba mikono ya wanawake."

Hakuongeza kitu. Nilijisikia fahari mpaka kifua kikaniuma.

Nikaiweka tena mikono yangu juu ya chuma, yote miwili, ingawa ilihesabiwa mmoja. Gundula akameza, akafuta vidole kwenye sketi, akaja. "Mume wangu amekufa," akasema kwa sauti, "sasa nimwogope nani?" Akaigusa kwa kiganja kizima.

Wawili. Tukangoja wa tatu. Nikawatazama wale mabibi, ninaowajua wote, ninaojua yaliyowapata wao na binti zao. Mmoja aliinua mkono. Mume wake akakohoa, mkono ukarudi ndani ya shali. Mwingine akaanza kutazama mawingu. Nyuma yao Eberlin alikuwa ameshaanza kumwita mwendesha ng'ombe.

"Wawili tu," Wiprecht akasema. Rangi ilikuwa imeanza kumrudia usoni. "Tutasimama hapa mpaka Pasaka?"

"Nipisheni," sauti ikasema. "Niwieni radhi, nipisheni."

Alikuwa Hadwig. Watu wakamfungulia njia, nami nikadhani anakuja kuichukua chapeo ya mwanawe airudishe nyumbani. Ningekuwa mimi ndiye mama, labda ningefanya hivyo. Mkononi alikuwa na ule unyoya ulioanguka. Akauchomeka mahali pake kwenye shingo ya korongo, taratibu, akaulainisha kwa kidole.

"Mama, rudi ndani," Wiprecht akasema. "Hili si lako."

"Usiku wa Mtakatifu Martin," Hadwig akasema, bila kumtazama, "mwanangu alikuwa kwangu. Alikula bukini, akanywa kupita kiasi, akatapika. Nilimshikia beseni mpaka jogoo wakawika. Shuka nilizifua mwenyewe, maana niliona haya kumpa mtumishi."

"Mama!"

"Beseni!" mlevi mmoja akapiga kelele kutoka nyuma, na kicheko kikapita mtaa mzima.

Hadwig hakucheka. "Nimenyamaza tangu wakati ule kwa sababu ni mwanangu. Nilijiambia maneno yatachoka yenyewe. Jana amekuja akaniambia, huku akicheka, kwamba amemfungia mlango ili asiweze hata kulalamika." Hapo ndipo alipogeuka akamtazama. "Nimekuzaa mimi, Wiprecht. Jana sikukujua."

Akaweka mkono wake juu ya chapeo, karibu na wangu. Ulikuwa wa baridi. Nikausogelea.

"Kishungi hiki nilikishona mimi," akamwambia Veit. "Nadhani nina haki ya kukigusa."

Kesho yake nilikaa mstari wa mbele, nami sitasema kwamba nilimhurumia Wiprecht. Hadwig ndiye aliyemvika chapeo. Aliikunja shali yake mwenyewe akaishindilia ndani, akafunga kamba chini ya kidevu, akazikagua mara mbili. "Marungu yamuumize," aliniambia aliponipita, "yasimuue." Nikamwambia hiyo ni haki.

Walimwangukia wote, yule wa mbweha akiwa mbele. Chuma kilikuwa kikilia kama masufuria jikoni kwa mpishi aliyekasirishwa. Alijitahidi kukaa juu ya farasi, akainama, akajikunja, mwishowe tukamwona akiinua mkono. Veit akapiga mbiu ya kusimamisha.

"Ameomba msamaha," Veit akatangaza.

Ni kweli kulikuwa na mnong'ono ndani ya kile chuma, kama mtu anayesemea ndani ya mtungi. Mabibi wakaanza kuitika, mambo yaishe. Apollonia akasimama.

"Mimi sijasikia," akasema. "Aliponisema, alisema uso wazi. Aifungue."

Veit akatazama ufito wake, akafikiri, na sidhani aliikuta kanuni yoyote ya kumkatalia. Wakamfungua kamba. Kichwa kikatoka, chekundu, kimelowa jasho, nywele zimemganda, damu puani. Na kwa sauti ambayo hata wauza kabichi nje ya uzio waliisikia, Wiprecht wa Ramstal akasema kwamba alidanganya. Halafu wakamkalisha juu ya uzio pamoja na tandiko lake.

Eberlin alitukuta nje ya uwanja. Alikuwa na furaha, tena furaha ya kweli, kwa sababu tangu asubuhi watu wakubwa walikuwa wakimpa mkono. "Dada yangu! Jina lako limesafika. Twende nyumbani. Na wewe, Shangazi, nimekusamehe."

"Umenisamehe?" nikasema. "Ngoja nitafute pa kuuweka msamaha wako."

"Jina langu halikuwa chafu, kaka," Apollonia akasema. "Kilichosafishwa leo ni masikio yako."

Lile gari alikuwa amekuja nalo, sanduku la dada yake bado liko juu. Apollonia akapanda mbele, akachukua fimbo ya kuswagia kutoka kwa mwendesha ng'ombe, na akaninyooshea mkono. Nikapanda, magoti yakilalamika.

"Mnakwenda wapi na ng'ombe wangu?" Eberlin akauliza.

"Kinuni kwangu," Apollonia akasema. "Ng'ombe wako utakuja kuwachukua siku utakayokuja kuniuliza lile swali."

Akawaswaga. Tulipita kando ya uzio, ambapo Hadwig alikuwa amesimama chini ya mwanawe akimnyooshea kata ya maji, ile chapeo ameikumbatia kwa mkono wa pili. Nikamsalimu, naye akaitikia.

Eberlin alitufuata kwa macho tu. Alikuja kuuliza wakati wa mavuno.